Mezeni, Musitafune

Kwenye njia inayoshuka kutoka soko la Kadutu kuna malewa moja, kibanda cha mbao chenye benchi mbili na sufuria zilizoungua makalio, ambako wabeba mizigo na wauza viatu hula bugali yao ya mchana. Mimi nikifika hapo huvuka barabara. Hata mvua ikiwa imenyesha na upande wa pili ni matope matupu, navuka. Mama mwenye kibanda ameshaniona mara nyingi, na nadhani ananiweka kati ya wale wanawake wa Ibanda, mtaa wa wenye nazo, wanaojisikia. Masikini, hajui. Chakula chake hakina kosa. Ni mapafu ya ng'ombe, yanachemka na kitunguu tangu asubuhi, na ile harufu yake nzito, tamu-tamu, yenye povu, ndiyo inayonichafua moyo mpaka natema mate njiani kama mjamzito.

Ninyi mliokua hapa wakati wangu mnakumbuka jinsi vyumba vya maombi vilivyoota kila mtaa. Sisemi kanisa. Kanisa tulikuwa nalo, la Kikatoliki, tulienda kila Jumapili na viatu vilivyopigwa rangi. Chumba cha maombi kilikuwa kitu kingine: sebule ya mtu, au gareji, yenye mapazia mekundu na mtu mmoja ndani yake anayeona. Kuona ndiyo ilikuwa kazi yake. Nyumba nyingi zilikuwa na vifo visivyoelezeka wakati ule. Daktari alikuambia ni kitu gani kimemuua mtu wako. Nabii wa chumba alikuambia ni nani.

Papa, yaani baba yetu, alifundisha hesabu kwenye shule ya sekondari, na alikufa kwa kikohozi. Nasema kikohozi kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa. Leo najua jina lake na najua kina dawa. Alilala muda mrefu katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Muhumba, na chini ya kitanda kulikuwa na kopo la maziwa lenye majivu ndani, la kutemea. Kazi ya kopo ilikuwa yetu, mimi na mdogo wangu Murhula. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika kwa kalamu ya bic, yeye bado alikuwa wa penseli. Tulishindana nani atalimwaga, nani ataweka majivu mapya. Lilikuwa la kutisha, lile kopo, sitadanganya. Lakini papa alikuwa akitutazama tunavyolibeba kwa uangalifu, anacheka kwa macho, maana kwa kifua hakuweza tena.

Alipokufa, maman, mama yetu, hakulia. Alikuwa sekreteri kwenye ofisi moja hapa Ibanda, mwanamke mwenye Kifaransa safi na kola iliyopigwa pasi. Siku hizi watu wananiuliza: mtu aliyesoma vile, iliwezekanaje? Swali hilo linanikera kuliko yote. Wanadhani diploma ni chanjo. Maman alikaa wiki nyingi akitazama kiti cha papa mezani, na siku moja rafiki yake wa ofisini akamwambia kuna mama mmoja kule Nguba anayeona, basi akatuvika nguo za Jumapili na kutupeleka.

Ilikuwa gareji nyuma ya villa moja, chini karibu na ziwa. Kutoka mlangoni ulisikia watoto wa majirani wakiruka majini na kupiga kelele za furaha, kisha mlango ukafungwa na hukuwasikia tena. Ndani kulikuwa na mikeka, jasho la watu, na harufu ya losheni. Losheni ilikuwa ya yule mama anayeona, Mama Nabii. Nywele nyeupe za bandia, vidole vinono vyenye pete zilizozama nyamani, kucha ndefu. Alimpa maman mkono, akatutazama sisi, akauliza swali moja tu.

"Papa yabo akigonjwa, nani alikuwa anakaa karibu yake?"

Maman akajibu kwa fahari, namkumbuka vizuri, aliinua kidevu, kwamba hata kopo ndio sisi tuliolibeba: "Ni hawa. Hata kopo ya kutemea njo bo balikuwa nabeba."

"Aaa," akasema Mama Nabii. "Balikuwa nabeba. Balikuwa napeleka wapi?"

Hiyo tu. Sikuelewa kwa nini chumba kizima kilivuta pumzi. Nilidhani wametusifu, nikatabasamu, na tabasamu hilo likaja kuhesabiwa dhidi yangu: walisema wameniona nikicheka juu ya kifo cha baba yangu.

Tukaachwa pale. Maman alirudi kazini, akawa anakuja jioni kuomba. Sisi na watoto wengine walioitwa wachawi kama sisi tulilala kwenye mikeka nyuma ya pazia, tukifunga. Kufunga maana yake hatukula. Tulipewa maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa, yenye ladha ya samaki na sabuni. Mama Nabii yeye alikula mbele yetu. Alisema ni kutujaribu. Alikuwa na namna ya kuchokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, akakitazama kilichotoka, kisha akakirudisha mdomoni, na mimi niliyekuwa na njaa hiyo nilikitazama kile kijiti na kukitamani. Mpaka leo nikikumbuka kwamba nilikitamani, ngozi inanisisimka. Usiku hauna cha kusimuliwa, tulilala tu kwa uchovu. Mchana ndio ulikuwa mrefu. Alituita mmoja mmoja, akakubonyeza macho kwa vidole gumba mpaka uone cheche, akauliza unaona nini. Ukisema cheche, akasema hizo ni taa za mji wa wachawi chini ya maji. Kwa hiyo ulikuwa umeshauona mji.

Sasa, katika gareji hiyo palikuwa na mtu mmoja mwema. Ndivyo nilivyoamini, na niliamini hivyo miaka yote ya maisha yangu mpaka juzi. Aliitwa Mama Nsimire, mpishi wa pale, mwembamba, mwenye mwanya na kitenge kilichopauka. Alipita kati ya mikeka akiokota ndoo na kufagia, akinong'ona "pole, batoto yangu, pole." Hakuna mwingine aliyetuambia pole. Na asubuhi moja, wakubwa wakiwa upande wa pili wa pazia wanaimba kwa makofi, aliinama kati yangu na Murhula, akafunua kitenge, na chini yake kulikuwa na bakuli.

Nyama! Vipande vidogo vya kijivu, vimekatwa sawasawa, bado vya moto.

"Mezeni, musitafune," alinong'ona. "Bakisikia meno, batatupiga siye bote. Mumeze tu, mbio mbio."

Tukameza. Viliteleza kooni vikiwa vizima, laini kama sponji, na machozi yakatutoka kwa utamu. Murhula alitaka kutafuna, mtoto wa watu, nikamziba mdomo kwa mkono. Mama Nsimire alitufuta midomo kwa ncha ya kitenge, akatupapasa vichwa, akaenda zake na bakuli tupu. Murhula akaniegemea na kuniambia sikioni kwamba akikua atamjengea Mama Nsimire nyumba ya matofali, na maman naye ataweza kuja kututembelea huko.

Jua lilipopanda kidogo tu, wakaja kutuchukua.

Waumini walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, nguo nyeupe, wanatikisika. Katikati palikuwa na beseni nyeupe ya kuogea mtoto. Kinywaji kiliitwa maji ya toba: maji ya uvuguvugu, chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki, mafuta ya mawese na sabuni ya kufulia iliyokwanguliwa. Hebu wewe jaribu kukifikiria tu. Maman ndiye aliyenishika kichwa, kwa sababu mzazi ndiye anayeshika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya shingo yangu, wa moto, na niliufurahia, maana ulikuwa muda hajanishika. Wakamimina. Povu lilinitoka puani. Kisha tumbo likajikunja na vyote vikapanda, mafuta mekundu na povu, na ndani yake vipande vya kijivu, vizima, vyenye matundu madogo-madogo.

Mama Nabii akatumbukiza fimbo, akakichoma kimoja, akakiinua juu watu wakione. Kilikuwa kinachuruzika.

"Mapafu!" akapaza sauti. "Papa yabo alikufa na nini? Mapafu! Njo hii hapa!"

Watu walipiga yowe. Mwanamke mmoja alianguka. Na mkono wa maman ukaondoka shingoni mwangu.

Mengi ya siku hiyo nimeyasahau, lakini ule ubaridi uliobaki pale mkono ulipokuwa, huo ninao hata sasa hivi ninapoandika. Alirudi nyuma hatua kadhaa akijipangusa kiganja kwenye sketi, akijipangusa, akijipangusa. Murhula alifuata, na kwa Murhula vilitoka vingi zaidi.

Mtasema: watoto ninyi, si mlijua mmekula nini asubuhi? Tulijua. Lakini mtoto hana akili ya mahakama. Kwanza, kwangu mimi chakula kilikuwa kinashuka na kugeuka mwili wako, ni elimu tuliyopewa shuleni; kinachopanda kilitoka mahali pengine. Pili, Mama Nabii alikuwa ameshatufundisha kwamba mchawi akila ng'ombe mchana, mdomoni mwake hugeuka mtu. Na tatu, juu ya yote, tukisema tumepewa nyama, wangempiga Mama Nsimire. Murhula aliniuliza kwa macho, uso umejaa povu, na mimi nikatikisa kichwa. Kwa hiyo tulipoulizwa kama tumemla papa, tulijibu ndiyo. Tulimla papa ili mpishi asipigwe.

Baada ya hapo tukawa mali ya maonyesho. Tulizungushwa kwenye vyumba vingine vya maombi kutoa ushuhuda, tukafundishwa namna: unaanza chini, taratibu, unapanda, na kila safari unatia kitu kipya, maana watu wameshasikia cha jana. Mimi nilikuwa hodari. Nilisema nimesafiri kwa ungo, nimeoa mke ziwani ingawa ni msichana, watu wakashangilia. Murhula hakutia chumvi hata siku moja. Alisimama pale na kaptura yake akasema sentensi ileile: "Nilikula mapafu ya papa. Yalikuwa tamu." Watu walilia kuliko kwa hadithi zangu zote. Mimi nilikuwa naigiza. Yeye alikuwa anasema ukweli jinsi alivyoujua.

Nyumbani, tuliporudishwa kama watu waliosafishwa, tulikuta sahani zetu zimetengwa kwenye rafu ya chini, na vijiko vyetu vimefungwa uzi. Maman hakutupiga kamwe. Alituwekea chakula na kurudi nyuma. Hivyo ndivyo tulivyokua.

Nilitoka katika mambo yale kama mtu anavyotoka matopeni, mguu mmoja mmoja, kwa shule, kwa ndoa, kwa kuhama mtaa. Murhula hakutoka. Leo ni fundi umeme, mtu mrefu, mpole, anayependwa na wateja. Nyama hagusi. Alikuwa na mchumba, msichana mzuri kutoka Nguba, akamwacha siku msichana huyo alipoanza kuzungumzia watoto. Nilipojifungua mwanangu alikuja hospitalini na zawadi, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikamwambia shika mpwa wako huyu. Akaniambia, mimi yaya wake, dada yake mkubwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyoeleza waya mbovu: "Hapana, yaya. Mimi batoto wa batu, napitia mbali. Sijuwe kama ile kitu iliisha." Mwanangu sasa anaenda shule na mjomba wake hajawahi kumbeba.

Mama Nabii hakuacha kazi. Gareji ikawa ukumbi wa vigae. Kisha mtoto mmoja akafia mle, kwa maji yale yale ya toba, na safari hii mzazi wake hakunyamaza. Sheria ya kulinda mtoto inakataza hata kumwita mtoto mchawi, sembuse hayo. Wakili mmoja kijana, mwanamke, tulimwita Maître tu, akaanza kuwatafuta waliopitia pale. Alitukusanya katika ukumbi mdogo Muhumba, watu wazima na mikoba yetu na magari yetu, tukatazamana chini kama watoto waliokojoa kitandani. Na mbele kabisa, amezeeka, mwanya ule ule, alikaa Mama Nsimire.

Alikuwa amegombana na Mama Nabii na kufukuzwa. "Hata mimi nilikuwa mutumwa," alisema, tukamwamini sote. Nilimkumbatia nikalia begani kwake kama mjinga. Maître alifurahi kupita kiasi: shahidi wa ndani, aliyeishi jikoni kwa Mama Nabii!

Zamu yangu ilipofika niliingia katika kile chumba kidogo cha pembeni na Maître akaniuliza, naye akiandika. Nilisimulia yote. Mwishoni nikataka kusema neno jema, kwa haki, kwamba hata mle alikuwepo mtu mwenye huruma. Nikasimulia bakuli chini ya kitenge.

Kalamu yake ilisimama.

"Nyama alibapatia lini?"

"Asubuhi ile ile. Tulikuwa na njaa ya kufa."

"Na watoto wengine?"

"Kila mutu mbele ya zamu yake. Alikuwa na roho nzuri sana."

Hakuinua macho. "Dada, samahani. Mulitafuna?"

Nilikiona kile kipande juu ya fimbo. Kizima. Kona zake nne zimekatwa kwa kisu.

Nilitoka nje mbio. Kupitia dirisha niliwaona wenzangu wakisubiri zamu, na Mama Nsimire akipita katikati yao na beseni la mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, akiwagawia, akiwapapasa mabega. "Kula, mutoto yangu. Kula." Nami nilikuwa na andazi lake mkononi, nimeshaling'ata nusu. Lo! Sijawahi kuchukia kitu jinsi nilivyochukia ule unga mdomoni mwangu. Mama Nabii nilimchukia tangu zamani, nilikuwa nimemzoea. Lakini huyu alitufuta midomo. Alitufuta midomo kwa kitenge kisha akaenda kusimama nyuma kabisa ya umati kungoja kazi yake itapikwe.

Maître hakunificha kitu. Ukisema haya, alisema, tunampoteza shahidi wetu mkubwa, atahamia benchi la washtakiwa na huenda akatugeuka. Usiposema, wakili wao atawaleta waumini walioiona nyama kwa macho yao, nao hawatakuwa wanadanganya, kwa sababu waliiona kweli. Nikamwuliza kitu kimoja tu: je, Mama Nsimire atalazimishwa kujibu kwa mdomo wake? Maana nilikuwa tayari nimempigia Murhula simu, tayari nimemweleza yote, naye aliniambia: "Yaya, uko nanifariji. Unanipenda, njo maana." Kwangu mimi asingepokea. Ilibidi yatoke mdomoni mwa Mama Nsimire.

Maman nilimwomba aje pia. "Mambo ya zamani unachokonoa juu ya nini?" akasema, akaendelea kukunja nguo.

Siku ya kesi chumba kilijaa nguo nyeupe. Ile losheni ilinifikia kabla sijamwona mwenyewe. Miaka yote hiyo na hajabadili losheni. Mama Nabii amekuwa bibi kizee, amekaa kwa upole, Biblia mapajani, na watu wanamwonea huruma. Wakili wake alinijia bila kuzunguka.

"Madame, ulipokuwa mtoto, ulitapika nyama mbele ya watu? Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

"Haleluya!" zikalia sauti nyuma. Hakimu akagonga meza.

"Na wewe mwenyewe ulitangaza, katika vyumba vingi vya maombi, kwamba ni mapafu ya baba yako?"

"Ndiyo."

Akajigeuza kwa hakimu na mikono wazi, kama mtu aliyemaliza kufua. Nikasema sijamaliza. Nikaeleza bakuli, kitenge, nyimbo, "mezeni, musitafune". Sikutia chumvi, mimi niliyefundishwa kutia chumvi na mabingwa. Nilikuwa namtazama Mama Nsimire tu, na nilimwona anavyopunguka, mabega yakishuka, macho yakitafuta mlango.

Alipoitwa mbele, alianza na huruma. Alituonea huruma, alisema. Watoto walikuwa wanalia. Nyama gani? Aa, hakumbuki, mambo ya zamani hayo, mabaki ya jikoni labda. Maître akamwuliza tena, naye akakwepa tena. Ndipo nikasikia benchi la nyuma linakwaruza sakafu. Murhula alikuwa amesimama, kofia yake ya kazi mkononi.

"Mama Nsimire," akasema. "Ni mimi, Murhula. Ilikuwa nyama gani?"

"Kaa chini!" akafoka hakimu. Askari akaanza kusogea.

"Niambie tu. Nitakaa."

Yule mama alimtazama. Sijui aliona nini, labda yule wa kaptura. "Ya ng'ombe," akasema. "Mapafu ya ng'ombe, mutoto yangu. Yeye njo alikuwa ananituma machinjioni. Aliniambia nikate vidogo." Kisha akaongeza, na katika maisha yangu yote sijasikia maneno yanayonuka kama haya: "Lakini mulikuwa na njaa. Si nilibapatia chakula? Si mulikula?"

Mama Nabii alifunga Biblia yake. Wenye nguo nyeupe, wengine walianza kuimba, wengine hawakuimba. Kesi ikaahirishwa, na Mama Nsimire hakurudi kukaa na sisi. Alitolewa kwa mlango wa pembeni kati ya askari wawili, akitazama nyuma kana kwamba anangoja mtu amwambie pole.

Nje, Murhula alitangulia, nami nikamfuata. Alipanda kuelekea Kadutu, hatua ndefu, na nilipoelewa anakokwenda nilimshika mkono nikamwambia hapana, si leo. Hakunisikia. Akaingia katika kile kibanda cha malewa ninachokikwepa, akakaa kwenye benchi kati ya wabeba mizigo, akaagiza sahani ya mapafu. Nilikaa kando yake na kitambaa puani.

Alikitazama kipande kwenye uma. Kijivu, matundu madogo-madogo. "Ni hii?"

"Ni hii."

Akaweka mdomoni. Akatafuna. Alitafuna polepole, taya zikifanya kazi kama mtu anayevunja mfupa, na ule mlio wa nyama ikibanwa niliusikia mpaka kwenye meno yangu. Nilidhani atatapika. Akakitema kiganjani, akakisogeza kwa kidole, akakinusa. Wabeba mizigo waliacha kula wakamtazama.

"Iko ng'ombe," alisema. "Yaya, iko ng'ombe tu."

Akakirudisha mdomoni, akameza, akamaliza sahani yote, machozi yakimdondokea kwenye bugali na yeye akila nayo. Kisha akamwita mwenye kibanda.

"Maman, unifungie ingine. Ya kubeba."

"Ya nani?" nikamwuliza.

Alipangusa mikono kwenye suruali, akapokea mfuko wa moto, akaukumbatia kifuani.

"Ya maman yetu," alisema. "Atakula mbele yangu. Na atatafuna."